Ukikodi Gari la Likizo, Uliza Eksesi Kabla ya Funguo

Desemba ikikaribia, familia nyingi za mtaa wa Lucky Summer hupiga hesabu ya safari ya mashambani. Nauli hupanda, na watu watano au sita wakijumlisha ya kwenda na kurudi, kukodi gari dogo kwa siku chache huanza kuonekana nafuu. Anayekodisha huenda ni kampuni ya kando ya Barabara ya Thika, au jirani wa mtaa wa Baba Dogo mwenye gari mbili aina ya Probox. Mtapatana bei ya siku na mafuta. Ukigusia bima utaambiwa, "Lina komprehensivu, usijali."

Jali. Komprehensivu, yaani bima inayolipia hata gari lenyewe, huwa na eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo kampuni ya bima hailipi. Mara nyingi ni asilimia fulani ya thamani ya gari, isiyoshuka chini ya kiasi kilichowekwa. Tuchukue mfano wa gari la shilingi 1,200,000 lenye eksesi ya asilimia 5. Ukiligonga, 60,000 za mwanzo haziihusu bima. Fundi akitaka 45,000 kunyoosha mlango na kupaka rangi, zote ni zako. Akitaka 200,000, bima hutoa 140,000. Kwa bima, mdaiwa wa eksesi ni mwenye gari. Mkataba wa kukodi ndio unaokutwisha wewe, na dipoziti uliyotuma kwa M-Pesa ndiyo hukatwa kwanza.

Gari likiibwa, eksesi huwa kubwa zaidi, hasa kama halikuwa na treka, kifaa cha kulifuatilia lilipo. Dereva kijana au mwenye leseni mpya huongezewa nyingine juu yake. Hata ukigongwa na mwingine, eksesi hudaiwa kwanza, halafu uhangaike kumdai aliyekosa.

Kinga dhidi ya eksesi zipo za namna mbili. Ya kwanza hutoka kwa anayekodisha: amenunua kinga ya eksesi pamoja na bima yake ya mwaka, au anakutoza ada ya kila siku ili asikudai ajali ikitokea. Ya pili ni bima ya pembeni anayonunua msafiri mwenyewe, na imezoeleka zaidi Ulaya. Hapo unalipa eksesi kutoka mfukoni, kisha unarudishiwa ukiwasilisha mkataba, stakabadhi na ripoti ya polisi. Ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Uingereza wakiwa na bima hiyo waangalie kama Kenya imo, na kama inataka gari likodiwe kwa kampuni yenye leseni. Ikitaka hivyo, Probox ya jirani haimo.

Je, ada ya kila siku ina faida? Ikiwa ni 1,000, safari ya siku 7 itakugharimu 7,000 kukwepa deni la 60,000. Kwa asiye na akiba, hiyo ni bei ya haki. Kwa siku 30 itafika 30,000, nusu ya eksesi yenyewe. Hapo afadhali upatane upya au uweke akiba. Uliza pia kinga inaacha nini. Mara nyingi tairi, rimu, vioo na sehemu ya chini ya gari huachwa nje, na siku gari linapolala gereji unaweza kudaiwa kodi yake. Ukiendesha umelewa, au ukimpa usukani mtu asiyetajwa kwenye mkataba, usitarajie kinga yoyote.

Lakini kinga ya eksesi haina maana kama bima yenyewe haisimami. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halitakiwi kukodishwa. Likipata ajali mikononi mwako, kampuni inaweza kukataa dai lote, na 60,000 zikageuka 1,200,000. Upande wa watu unaoweza kuwaumiza, Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha kila gari kuwa na bima, lakini dai lina kikomo cha shilingi milioni 3. Mahakama ikiamua zaidi, bima haiwajibiki kwa kinachozidi.

Kwa hiyo kabla ya kupokea funguo, omba kuona cheti cha bima na usome aina ya matumizi iliyoandikwa. Taka kiasi cha eksesi kiandikwe kwa shilingi kwenye mkataba, piga video ya gari zima, kisha ndipo uamue kama utanunua kinga. Anayekataa kukuonyesha cheti, mwachie gari lake.