MIKONO MIWILI HULEA WANA WANGAPI?

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kusikia, tena si mara moja, kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi mpaka kalamu zikatuishia wino. Lakini hebu nikuulize jambo ambalo wahenga walituachia bila jibu. Ikiwa mkono mmoja haulei mwana, je, mikono miwili hulea wana wangapi? Wawili? Watano? Kumi na watatu?

Nasema kumi na watatu kwa sababu hao ndio niliowahesabu mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, nikiwa darasa la saba. Katika ploti tuliyokuwa tukiishi palikuwa na bibi mmoja ambaye sote tulimwita Shosho. Akina mama waliokwenda kufua nguo za watu, kuuza mboga au kufanya kibarua walimwachia watoto wao asubuhi na kuwachukua jioni. Malipo yalikuwa shilingi 100 kwa siku, uji ukiwamo. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa miongoni mwao, na kazi ya kumchukua jioni ilikuwa yangu.

Siku moja nilipokaribia mlango wa Shosho nikasikia mayowe. Stovu ya mafuta ya taa ilikuwa imelipuka na pazia lilikuwa limeshika moto. Shosho akatoka mbio, mtoto mmoja kila kwapa, akawatua chini, akarudi ndani, akatoka na wengine wawili. Wale waliokuwa wakubwa kidogo walikuwa wamejitokea wenyewe, wanalia. Mtu akauliza, "Wamebaki wangapi?" Shosho akaanza kuhesabu kwa kidole, akapotea katikati, akaanza upya. Nami nikawa natazama kila uso. Ndugu yangu hakuwapo.

Alikuwa amelala chini ya kitanda. Fundi viatu wa pale nje ndiye aliyeingia akitambaa, akamvuta kwa mguu. Hakuungua, namshukuru Mola, ila alikohoa kwa siku tatu, na mimi nikawa siwezi kulala bila kumgusa kwanza nione kama anapumua.

Siandiki haya ili kumchongea Shosho. Mwanamke yule alikuwa na huruma kuliko watu wengi ninaowajua. Mama akikosa ile mia, mtoto wake hakunyimwa uji. Kosa halikuwa la moyo wake. Alikuwa na mikono miwili tu, basi.

Mwezi wa Desemba wa mwaka huohuo shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka England. Kazi yake huko ni kulea watoto wa watu nyumbani mwake, kama Shosho vile, isipokuwa yeye ameandikishwa na hukaguliwa. Tulipomsimulia habari ya moto alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi kule siruhusiwi wadogo zaidi ya watatu."

Mama akacheka hadi akaweka sinia chini. "Ati watatu? Na wewe unakula nini, wifi yangu?"

Swali la mama nitalirudia, maana lina uzito wake. Kwanza nieleze kanuni yenyewe kama shangazi alivyonifafanulia, na kama nilivyojisomea baadaye.

Huko England, mlezi mmoja wa nyumbani hawezi kuwa na zaidi ya watoto 6 walio chini ya miaka 8 kwa wakati mmoja. Kati ya hao 6, wadogo wasizidi 3. Na kati ya hao 3, aliye chini ya mwaka 1 awe mmoja tu. Sheria imeeleza hata maana ya "mdogo": ni mdogo mpaka ifike tarehe 1 Septemba baada ya kutimiza miaka 5.

Labda wewe msomaji utasema, kama nilivyosema mimi, mbona wasiseme sita tu wakamaliza? Kwa nini kugawa hesabu mara tatu kama swali la mtihani? Nililitafakari jambo hili huku nikikumbuka ule moto, nikaona lina akili. Chukua wale sita. Mchanga mmoja yuko kifuani. Wadogo wawili wameshikwa mkono, mmoja mmoja. Wale watatu waliobaki wana miaka sita au saba, ukiwaambia "Tokeni nje!" wanatoka. Wote sita wamefika uani na hakuna aliyerudiwa. Sasa badilisha umri tu, idadi usiiguse: sita wote wawe hawajafika miaka miwili. Mlezi ni yuleyule, mlango ni uleule, lakini wanne wamebaki ndani. Kwa hiyo jumla peke yake haitoshi kukueleza kitu. Mzigo wenyewe ni umri.

Wala si moto tu. Mtoto wa miezi mitano hula kwa saa yake, hubadilishwa nepi kwa saa yake, na akiwa na homa hawezi kukwambia. Wa miaka miwili ana miguu lakini hana hofu; ukigeuka kumfunga mwenzake nepi, yeye ameshafika kwenye ndoo ya maji. Wa miaka saba atakuja kukuambia, "Fulani ameanguka." Huyo wa mwisho ni kama nusu ya msaidizi.

Kuna mambo ambayo watu huyaelewa visivyo, na mimi mwenyewe niliyakosea. La kwanza ni yale maneno "kwa wakati mmoja." Shangazi ana majina zaidi ya sita katika daftari lake. Wako wanaokuja Jumatatu na Jumanne, wako wa Alhamisi, wako wanaotoka shule alasiri wakingoja wazazi. Kinachotazamwa ni walio chini ya dari yake saa hiyo. La pili ni watoto wa mlezi mwenyewe. Nao huhesabiwa! Shangazi alipokuwa na binti wa miaka mitatu, nafasi moja kati ya zile tatu ilikuwa imekwisha kuliwa na mwanawe. Nilimwuliza kama hiyo si dhuluma. Akanijibu, "Kwani mtoto wangu akilia silisikii?" Watoto waliofika miaka 8 hawamo katika ile sita, lakini kuwatunza wao kusiwapunje wadogo.

Sheria hiyo si ya chuma kitupu. Wakizaliwa mapacha, au mtoto akapata mdogo wake, mlezi anaweza kulegeza zile hesabu ndogo, mradi awaonyeshe wazazi na wakaguzi kwamba kila mtoto anatunzwa ipasavyo. Ile sita haiguswi. Pia mlezi akiajiri msaidizi, msaidizi huyo naye ana hesabu yake, kwa kuwa sasa mikono imekuwa minne. Likumbuke hili la msaidizi, nitalihitaji mbele.

Anayepaswa kujiandikisha ni yeyote anayelea kwa malipo, nyumbani mwake, watoto walio chini ya miaka 8 kwa zaidi ya saa mbili kwa siku. Nyanya, shangazi, mjomba, kaka na dada wa mtoto hawamo. Neno hilo "malipo" limewahi kuzua kichekesho. Mwaka 2009 askari polisi wawili wa kike, marafiki, walikuwa wakipeana zamu: huyu akienda kazini yule anakaa na watoto wote wawili. Hawakulipana hata senti. Wakaguzi wakasema kusaidiana huko kwenyewe ni malipo, kwa hivyo wanavunja sheria! Watu wakapiga kelele, serikali ikaingilia kati, na marafiki wa namna hiyo wakaachwa wasaidiane. Ningependa kumwona mkaguzi yule akitembelea ploti yetu siku ya Jumamosi.

Usidhani Waingereza waliamka siku moja wakaota namba hizo. Mwaka 1872, baada ya watoto wengi kufia mikononi mwa watu waliolipwa kuwatunza, ilitungwa sheria kwamba anayepokea kwa malipo zaidi ya mtoto mmoja wa chini ya mwaka 1, na kukaa naye zaidi ya saa 24, sharti ajiandikishe. Walezi wa mchana waliwekewa sheria yao mwaka 1948, na ile ya mwaka 1989 ikapandisha umri hadi miaka 8. Tangu mwaka 2001 ukaguzi uko chini ya shirika liitwalo Ofsted. Na majirani zao hawahesabu sawa na wao. Wales mlezi anaweza kuwa na watoto hadi 10 walio chini ya miaka 12, ingawa wa chini ya miaka 8 bado wasizidi 6 na wa chini ya miaka 5 wasizidi 3. Kwa hiyo namba hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Ni watu walioketi wakabishana.

Na wanabishana mpaka leo. Mwaka 2013 serikali yao ilitaka mlezi aruhusiwe wadogo 4 badala ya 3, na wachanga 2 badala ya mmoja, ili malezi yawe nafuu. Walezi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliopinga. Mwezi Juni Nick Clegg, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu, akauzuia mpango huo. Shangazi anakumbuka vizuri. "Wangeniongezea mtoto," alisema, "lakini nani angeniongezea mkono?"

Haya sasa, tumrudie mama na swali lake.

Tufanye hesabu ya Shosho. Watoto 13 kwa shilingi 100 ni shilingi 1,300, siku ambayo wote wamelipa. Toa unga, maziwa, sukari, mafuta ya taa na kodi ya nyumba. Ukimwambia abaki na watatu, atapata shilingi 300, na kwa hizo hata uji utakuwa maji matupu. Akitaka mapato yake yasipungue, kila mtoto alipiwe shilingi 433 kwa siku. Mama yangu siku nzuri ya kufua alikuwa akipata shilingi 500. Angebaki na 67, na nauli hajaitoa! Angefanya nini? Angemfungia mtoto nyumbani, au angeniambia mimi nisiende shule nikae naye. Mnajua wenyewe ni wasichana wangapi wamekosa masomo kwa njia hiyo.

Basi shangazi anakula nini? Jibu ni kwamba wazazi hawamlipi peke yao. Tangu Septemba 2025, wazazi wa England walio kazini na wanaotimiza masharti ya mapato hulipiwa na serikali saa 30 kwa juma, majuma 38 kwa mwaka, tangu mtoto akiwa na miezi 9 hadi aingie shule. Hata hivyo walezi wananung'unika kwamba malipo hayatoshi, na idadi yao imepungua sana tangu miaka ya 2010. Yaani hata penye hazina nono, ile 3 ina gharama na lazima pawe na wa kuilipia. Huku kwetu Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017, na ni jambo jema. Lakini karatasi haimlipi Shosho.

Nisije nikaonekana kama ninayesema tusihesabu kabisa. La hasha! Baada ya ule moto, na baada ya maneno ya shangazi, mama aliwaita wenzake wa ploti jioni moja. Hawakuweza kufikia watatu, lakini lile la msaidizi lilimkaa kichwani. Kila mama akakubali kuongeza shilingi 20. Kumi na tatu mara ishirini ni 260, pamoja na chakula cha mchana, na binti mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha nne akaja kukaa na Shosho kutwa. Stovu ikahamishiwa nje, nyuma ya kibao. Majina ya watoto yakaandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, na anayechukuliwa anafutwa, ili siku yoyote mtu akiuliza "Wamebaki wangapi?" jibu liwe pale. Shosho mwenyewe akaweka sharti lake moja: wasioweza kutembea wasizidi wanne, wawili wake na wawili wa yule binti. Kwa sheria ya shangazi hao bado ni wengi mno. Kwa ploti yetu yalikuwa mapinduzi.

Nilimwona Shosho akilishika sharti hilo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha, mimi nimemleta mdogo wangu. Mama mmoja mgeni alisimama mlangoni na mtoto wa miezi mitano mgongoni.

"Shosho, nisaidie leo tu. Nimepata kazi sokoni, nikichelewa wataniacha."

Shosho akatazama nyuma ya mlango, akahesabu majina. "Mwanangu, wasiotembea nimejaza. Siwezi."

"Sasa huyu nitampeleka wapi?"

Shosho hakuwa na jibu. Yule mama akamfunika mtoto kwa karatasi ya nailoni, akakaza leso, akashika njia ya sokoni naye mgongoni. Mdogo wangu nilimkabidhi kwa yule binti, nikaona jina lake likiandikwa, nikaenda shule.