Jarida la Kitaalamu ni Amana

Wapo wananchi, na hata baadhi ya viongozi, wanaodhani kwamba majarida ya kitaalamu ni mambo ya walimu wa vyuo vikuu peke yao, na kwamba yaandikwayo humo hayamhusu mvuvi wa Kojani wala mkulima wa karafuu wa Mtambile. Dhana hiyo si sahihi. Dawa anayopewa mtoto kliniki na chanjo anayochomwa, aghalabu, asili yake ni makala iliyochapishwa katika jarida fulani. Makala ile ikiwa ya kweli, umma hunufaika. Ikiwa ya uongo, umma ndio unaolipa.

Sisi wa visiwa hivi tunao ushahidi wa jambo hili, wala hatuna haja ya kuutafuta mbali. Mwanzoni mwa karne hii ulifanywa Pemba utafiti mkubwa kuhusu watoto wadogo waliopewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ili kuwakinga na upungufu wa damu. Wengi waliamini kwamba dawa hiyo ina faida. Lakini bodi iliyowekwa kuchunguza usalama wa watoto iliona dalili za hatari, na mwezi wa Agosti, 2003, utoaji wa madini ya chuma katika utafiti huo ukasimamishwa.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza mwezi wa Januari, 2006. Yalihusu watoto 24,076. Ilionekana kwamba, katika mazingira yenye malaria nyingi, waliopewa madini ya chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kuugua vikali hata kulazwa hospitali. Habari hizo hazikumfurahisha mtu. Hata hivyo hazikufichwa, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mpya. Leo ushauri wake ni kwamba, penye malaria, watoto wapewe madini ya chuma sambamba na hatua za kuzuia na kutibu malaria. Hivyo ukweli uliotoka Pemba umewalinda watoto wa nchi nyingi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na utafiti ni vivyo hivyo.

Sasa tutazame upande wa pili. Jarida hilo hilo la Lancet, mwaka 1998, lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12 tu, ikidokeza kwamba huenda chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Baadaye ilibainika kwamba habari za watoto wale zilikuwa zimepotoshwa, na kwamba daktari huyo alikuwa amelipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, bila ya wasomaji kuelezwa. Makala ilibatilishwa mwaka 2010, na daktari akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Lakini miaka 12 ilikuwa imekwisha pita, na wazazi wengi walikuwa wamekataa kuwachanja watoto wao.

Wala jambo hilo halikuwa la mwisho. Mwezi wa Mei, 2020, katika msiba wa UVIKO-19, lilitoka humo humo jambo jingine: makala iliyodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671, zikiwamo za Afrika. Wataalamu zaidi ya 100 waliuliza: ni hospitali zipi hizo? Kampuni iliyodai kuwa na kumbukumbu hizo haikukubali zikaguliwe, na makala ikabatilishwa baada ya wiki mbili. Jina kubwa la jarida, basi, si kinga. Kinga ni wahakiki walio makini, takwimu zinazokaguliwa, na mhariri asiyeona haya kusahihisha.

Ikiwa majarida yenye wahariri na wahakiki huteleza, hali ikoje kwa yale yasiyokuwa nao? Siku hizi yapo majarida ambayo kazi yake ni kukusanya ada tu. Humwandikia mwalimu kwa barua pepe, humsifu, humwahidi kumchapishia kwa siku chache, kisha humdai fedha. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pia wapo wanaouza makala zilizokwisha andikwa, mnunuzi akabandika jina lake tu. Mwaka 2023, uchafu wa namna hiyo ulipofichuliwa, majarida ya Hindawi yalibatilisha makala zaidi ya 8,000.

Hatusemi kwamba kila jarida linalotoza ada ni la kilaghai, wala kwamba jarida la nyumbani ni dhaifu. Hapa hapa Unguja ndipo ilipo makao makuu ya chama cha wataalamu wa sayansi za bahari cha Magharibi ya Bahari ya Hindi, ambacho tangu mwaka 2002 kinatoa jarida linalosomwa bila malipo. Tunachosema ni kwamba ubora wa jarida hupimwa kwa uhakiki wake.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vyuo wasimpandishe mtu cheo kwa kuhesabu makala zake, wazisome. Mwalimu anayejua kwamba anahesabiwa tu atatafuta njia ya mkato. Maofisa wa wizara nao, wanapoletewa makala kuwa msingi wa sera, waulize: nani aliihakiki, nani aliilipia, na takwimu zake ziko wapi?

Kwa watafiti wageni, tunawakaribisha, ila tunawakumbusha haki mbili. Ya kwanza, mtaalamu wa hapa aliyeshiriki kuupanga utafiti na kuyachambua matokeo yake jina lake liwemo miongoni mwa waandishi, si kushukuriwa mwishoni kama mchukuzi wa mizigo. Ya pili, matokeo yarudishwe kwa wananchi waliotoa damu yao na muda wao, tena kwa Kiswahili wanachokielewa.

Mama wa Pemba aliyekubali mwanawe aingizwe katika utafiti hakutia saini kwa ajili ya cheo cha mtu. Alitoa amana. Anayeichapisha amana hiyo kwa uongo amemdhulumu mama huyo, na pamoja naye kila mtoto atakayetibiwa kwa kufuata uongo huo.