Vijana wetu wa Panda: tuanze na pipa letu



Wiki hii tunaandika juu ya jambo ambalo tunalisemea mlangoni tu, jioni, kwa sauti ya chini. Vijana wetu wanakunywa, wanavuta bangi, wanameza vidonge, na giza likiingia wengine wanashika panga.

Kwa sisi walimu, dalili ya kwanza haikuwa panga. Ilikuwa usingizi. Mtoto wa mwaka wa tatu wa sekondari, mwenye akili sana ya hesabu, alianza kulala juu ya daftari saa mbili ya asubuhi. Tulimwamsha, tukamkaripia, tukamtoa nje. Tulidhani ni malaria, kisha tukadhani ni uvivu. Ilitupita miezi mitatu kabla ya kumsogelea na kunusa pumzi yake. Siku tulipomwuliza vizuri, bila fimbo, alisema kwamba kila jioni yeye ndiye anayewapimia wateja lutuku ya mama yake, na mteja akiacha kidogo chini ya glasi, yeye anamaliza. Mwaka haujaisha, akawa katika kikundi kinachonyang'anya watu simu penye giza. Mama yake alikuja kulia mbele yetu. Pesa ya masomo ya mtoto yule ilikuwa imelipwa yote, na tunajua ilitoka wapi. Sisi walimu pia tulikula juu ya pesa ile.

Ndiyo sababu hatuwezi kuandika habari hii tukiwanyoshea wengine kidole.

Panda haikuzaliwa maskini. Wazee wanakumbuka Union Minière, halafu Gécamines: mshahara, mposho wa unga, hospitali, masomo ya watoto, na foyer social ambako wamama walijifunza kushona. Mwaka 2003 ilikuja ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakatoka kazini. Hiari ya nani, kila mke wa mfanyakazi anajua. Baba akabaki kitini, mama akatafuta njia. Wengine wakauza makala, wengine mboga, wengine wakanunua pipa. Unga wa mahindi, muhogo, chachu, moto na mrija: kazi inafanyika nyuma ya nyumba na mteja hakosi. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini mtoto akipanda sekondari, mzazi bado analipa. Kwa hiyo pipa linaendelea kuchemka.

Wabelgiji waliikataza lutuku, haikuisha. Jirani zetu wa Zambia walipiga marufuku pombe kali ya vifuko, ile tujilijili, mwezi wa 4 mwaka 2012, kwa sababu hata watoto wa shule walikuwa wanaiweka mfukoni. Walifanya vizuri. Lakini sheria inaweza kuondoa kifuko dukani, haiwezi kukaa nyuma ya kila nyumba.

Nguvu peke yake nayo tumeiona. Kinshasa, mwezi wa 11 mwaka 2013, polisi walianzisha Operesheni Likofi kuwafagia kuluna. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka uliofuata kwamba vijana na watoto wasiopungua 51 waliuawa. Kuluna hawakuisha, na mwaka 2021 mji ule ule ulishtuka kwa bombé, unga unaotolewa katika bomba la moshi la gari, unasagwa na kuchanganywa na vidonge. Wengine siku hizi wanapelekwa Kaniama-Kasese, mkoani Haut-Lomami, kulima mahindi na kujifunza kazi. Hilo ni afadhali kuliko risasi, lakini mtoto anafika kule akiwa amekwisha kuumiza watu.

Na sisi wenyewe katika kartie? Mwizi akikamatwa usiku, watu wanatafuta tairi kabla ya kutafuta polisi. Yule aliye chini ya tairi ana mama, na mara nyingi mama yule tunasali naye. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kesi yake ni ya mahakama ya watoto. Tuiseme kwa sauti siku ile ya tairi, hata kama watatutukana.

Sasa tuseme ya nyumbani. Mtoto anayeanza pombe mapema anashikwa nayo upesi: uchunguzi wa Marekani uliotolewa 1997 ulionyesha kwamba walioanza kabla ya miaka 15 walikuwa karibu mara nne zaidi katika hatari ya kuwa watumwa wa pombe kuliko waliongoja mpaka 21. Kwa hiyo glasi ile ya chini si mchezo. Na mtoto ambaye amekwisha kuzoea sana pombe au Valium, tusimfungie chumbani ghafla eti aache. Mwili unaweza kutetemeka, akapata kifafa, akafa. Tumpeleke kwanza kituo cha afya. Kwa hali ngumu kuna kituo Joseph Guislain cha Frères de la Charité, Lubumbashi; ni mbali, nauli inauma, lakini pale wanatibu magonjwa ya akili na wanajua kazi. Maombi tusiache. Ila mtoto asifungwe mnyororo kwa sababu ya maombi.

Tulipoyasema haya katika mkutano, mama mmoja alisimama: "Mwalimu, ukinivunjia pipa, ni wewe utalipa masomo ya hawa wanne?" Hakuna aliyecheka. Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna jibu zima.

Tulichopatana ni kidogo. Mtoto hapimi tena lutuku wala hatumwi na chupa. Mwanafunzi hauziwi, hata akisema ametumwa na baba. Saa kumi na mbili ya jioni kuuza kunaisha. Na mwenye likelemba atakayetaka kubadilisha kazi anapokea zamu yake kwanza, bila kungoja. Wawili walikataa na kutoka nje. Bado ni wenzetu, tusiwasengenye.

Watatu wamekubali kujaribu sabuni. Tunahitaji mafuta ya mawese, soda kali, na mtu wa kutufundisha vipimo, maana soda ile inaunguza ngozi. Mwenye kujua afike Jumamosi saa tisa, aje na glovu. Pipa liko, limeoshwa mara mbili na harufu bado inatoka.