Mitwaba: jioni tuliangalia mutu mwenye masasi hayamuingii

Ku Mitwaba filme haiangaliwi kimya. Kama grupu inawaka na esanse ipo, watu wanajaa mu nyumba ya video mpaka kwenye mlango: wachimbaji na vumbi la kasterite kwenye nguo, mama na mtoto mgongoni, watoto wanapita chini ya mikono ya mwenye nyumba ili wasilipe. Kila mtu anasemesha mtu wa mu ekra kama vile anamjua. Anamuonya, anamtukana, anamcheka. Ukitaka kusikia filme peke yake, baki ku nyumba yako.

Siye wa sendika tulitoka Lubumbashi na kazi ingine kabisa. Tulipita zaidi ya kilometa 400 za barabara ambayo wasomaji wetu wanaijua, ile inameza kamyo wakati wa mvua, ili kuja kuongea juu ya kaske, miti ya kushika shimo, na kooperative. Lakini tunajua namna inaenda. Ukitangaza mkutano wa sendika, watakuja watu kumi na mmoja wao atalala. Ukitangaza filme, nyumba haitoshi. Basi tulilipa esanse ya jioni tatu, tukamwambia mwenye nyumba: chagua weye, kisha utupatie nusu saa ya kuongea.

Alichagua serye ya Marekani inaitwa Luke Cage. Ilitoka mwaka 2016, na yeye alikuwa nayo ku kle ya USB, kwa Kifaransa. Kijana mmoja alisimama pembeni ya ekra na kutafsiri kwa Swahili yetu ya huku, akiongeza chumvi kila mahali.

Huyo njo mwenzetu

Kwa wenye hawajaiona, tuseme kidogo. Luke Cage ni mtu mweusi wa Harlem, mu New York. Alizaliwa kwanza mu vitabu vya picha mwaka 1972. Mu serye anachezwa na Mike Colter. Ni mtu ambaye masasi hayaingii mu ngozi yake, wala kisu. Lakini havai nguo za ajabu, haruki mu hewa. Anavaa triko ya kofia, kama vijana wote wa kule.

Jioni ya kwanza, kilichofurahisha watu si nguvu zake. Ni kwamba yeye ni mtumikaji. Mchana anafagia nywele mu salon ya kunyoa, usiku anaosha masahani mu bare, na bado mwenye nyumba anamuomba makuta ya kodi. Mukalimani alipotafsiri maneno ya deni, nyumba nzima ilipasuka na kicheko. Mchimbaji mmoja alipiga makofi: "Huyu njo mwenzetu! Kazi mbili, na nyumba bado banamufukuza!"

Salon ile ni ya mzee anaitwa Pop, na ni fasi ambapo ugomvi wa mtaa hauingii. Mu episodi ya pili, salon inamwagiwa masasi. Luke anamfunika mtoto na mwili wake, mtoto anapona. Mzee Pop anakufa. Hapo nyumba ya video ilinyamaza. Mama mmoja alisema polepole, "Kila mara ni muzee wa amani njo anaendaka wa kwanza," na hakuna aliyemjibu.

Mayi! Mayi!

Jioni ya pili tulifika episodi ya tatu. Luke amechoka kuvumilia. Anaenda ku jengo ambapo tajiri muovu, anayeitwa Cottonmouth, anafichia makuta yake. Anang'oa mlango wa motokari kwa mikono, anaingia nao. Watu wanamfyatulia kila upande, na yeye anatembea tu, pole pole, triko yake inatoboka matundu, ngozi inabaki nzima.

Vijana walisimama juu ya mabenchi. Mmoja alipaza sauti: "Mayi!" Wengine wakaitika: "Mayi! Mayi!" Ilikuwa furaha, tuseme ukweli. Na siye pia tulicheka. Tulifikiri, nyumba imejaa, watu wamechangamka, kesho watatusikiliza vizuri.

Halafu mama mmoja alisimama katikati. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema: "Muzime ile kintu. Bana ba dada yangu babili balidanganywaka paka vile. Balibaambia masasi itageuka mayi. Mumoja alirudiaka. Mwingine mupaka leo tunamungoja."

Mwenye nyumba alisimamisha picha. Luke Cage akabaki mu ekra, mguu mmoja mbele, na masasi mu hewa. Filme haikuendelea tena jioni ile. Watu waliongea mpaka esanse ikaisha, kisha wakaongea mu giza.

Neno hili ni la zamani

Kwa msomaji wa mbali, "mayi" ni maji tu. Kwa mtu wa Mitwaba mwenye kupita miaka 30, ni neno lenye makaburi ndani yake.

Ahadi ile ni ya zamani kuliko siye wote. Mwaka 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akawaambia risasi za Wajerumani hazitawapata. Vita ya Maji Maji iliendelea mpaka 1907. Hesabu za chini zinasema watu 75,000 walikufa, wengine wanahesabu mpaka 300,000, wengi kwa njaa iliyofuata. Mwaka 1964, mu mashariki mwa inchi yetu, Simba walikwenda vitani wakiita "Mayi Mulele". Na ku Katanga ya kaskazini, kuanzia 1998, vijana wa vijiji walipewa silaha kuzuia jeshi lililotoka Rwanda na wenzake. Walikunywa dawa, walinyunyiziwa, walifungiwa hirizi. Ni Mayimayi.

Tunaheshimu wale waliosimama kulinda vijiji vyao. Lakini tunajua mwisho wa hadithi. Silaha zilegeukia wenyeji. Mitwaba, Pweto na Manono zikaitwa triangle ya kifo. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbilia Mitwaba na kulala chini ya majani na mahema. Mwezi wa 5 mwaka 2006, Gédéon Kyungu Mutanga alitoka pori na kujisalimisha kwa askari wa MONUC hapa hapa, na wengi kati ya watu wake walikuwa kadogo. Mwaka 2009 tribinali ya kijeshi ya Kipushi ilimhukumu kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Mwaka 2011 alitoroka gereza la Kasapa, ku Lubumbashi. Na tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 2013, Bakata Katanga waliingia Lubumbashi wamefunga vitambaa na majani, wengine na pinde na mishale. Makumi ya watu walikufa siku ile. Hata pale walikuwepo watoto. Na mtoto hakuchagua dawa, ni mukubwa aliyemnyunyizia.

Kamba ku mkono

Vijana hawakunyamaza. Na hatutaki kuandika kama vile walikuwa wajinga, kwa sababu walisema maneno ya akili. Mmoja alieleza kwamba Luke Cage hakununua dawa kwa mganga. Yeye alikuwa ameona episodi ya nne: ni mu gereza ndimo nguvu zile zilitoka, daktari alimuweka mu mashine ya kujaribia, mlinzi mubaya akaiharibu ili amuue, na yeye akatoka na ngozi ile.

Mzee mmoja akauliza: "Balimujaribia kama panya?" Kijana akasema ndiyo. Mzee: "Basi hata uko, mufungwa njo anatumikishwa. Iyo ninaiamini."

Mwingine alisema neno ambalo tulilibeba mpaka Lubumbashi: "Papa, mweye munasema masasi. Siye shida yetu haiko masasi. Ni bulongo." Akainua mkono. Alikuwa amefunga kamba nyeusi na kifuko kidogo cha ngozi. "Hii ni ya shimo. Nikiwa nayo, shimo haiangukake."

Tulimuuliza aliitoa wapi na kwa makuta ngapi. Alitaja bei. Tulihesabu pamoja naye, mu giza, kwa mwanga wa telefone: makuta yale yangemnunulia kaske, na kubakiza ya taa ya kichwa. Tukamuuliza shimo lake lina meta ngapi. Alisema hajui, lakini ukidondosha jiwe unahesabu kidogo kabla ya kusikia. Na miti ya kushika? Hakuna. Mnunuzi anataka mizigo kila wiki, nani atapata wakati wa kukata miti?

Hapo tulielewa kwamba siye na mama yule tulikuwa tunaongea jambo moja. Mtu anayekupa kamba badala ya miti, na mtu anayekupa mayi badala ya amani, ni ndugu. Wote wawili wanakutuma mbele, na wao wanabaki nyuma kuhesabu.

Sheria iko wazi. Kanuni ya wachimbaji wa mikono inakataza kushuka kupita meta 30. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi mu shimo. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inataka mchimbaji awe mu kooperative inayotambuliwa. Na udongo hausomi hirizi: mwezi wa 6 mwaka 2019, karibu na Kolwezi, mgodi ulianguka na kuua wachimbaji zaidi ya 40. Hatufikiri wote walikuwa hawana kamba.

Mashujaa ambao masasi yaliwaingia

Tuliwakumbusha pia hadithi ambayo vijana wengi wa migodi hawajaisikia. Mwezi wa 12 mwaka 1941, watumikaji wa Union Minière waligoma wakidai mshahara unaotosha, kwa sababu vita ya Wazungu ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu. Tarehe 9, ku Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walikusanyika ku uwanja wa mpira. Askari wakafyatua. Makumi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao.

Mpoyi hakuwa na ngozi ya chuma. Alijua masasi yanaingia, na alisimama. Kijana mmoja akatuuliza, kwa haki yake: "Sasa alishinda nini?" Hatukumdanganya. Siku ile hakushinda kitu. Lakini leo mtumikaji anaweza kuwa na sendika na delege wake, na haki hiyo haikutoka mbinguni wala kwa mganga. Ilitoka kwa watu wengi, mmoja nyuma ya mwingine, ambao wote walikuwa na ngozi kama yetu.

Jioni ya tatu

Tulifikiri mama yule hatarudi. Alirudi. Alikaa mbele, akamwambia mwenye nyumba aruke mpaka episodi ya saba, kwa sababu wajukuu wake walikuwa wamemwambia kuna kitu mle.

Mu episodi ile, masasi yanamuingia Luke Cage. Adui yake wa zamani ana masasi ya namna ingine, yaliyotengenezwa maalum, na jina lake ni Judas. Inaingia mu mwili, kisha inapasuka ndani. Yule mtu mkubwa anaanguka chini kama mtu yeyote. Nyumba ilipiga yowe. Kijana mwenye kamba alishika kichwa. Mama hakucheka, hakusema "niliwaambia". Alisema tu: "Aya. Sasa muendeshe." Na aliangalia mpaka mwisho.

Kisha msichana mmoja wa shule, mwenye alisoma kidogo ku Zambia, alituambia kuna serye ya katuni ya kule, Supa Team 4, iliyoanzishwa na Malenga Mulendema wa Zambia, na ilitoka mwaka 2023. Wasichana wanne wa Lusaka wanapigana na wahalifu wa muji wao, na anayewatuma ni mama mzee aliyekuwa jasusi zamani. "Kule hakuna mumoja mwenye hafake," alisema. "Wanapanga pamoja kwanza." Tungetafuta maneno bora ya kueleza sendika, hatungeyapata.

Nusu saa yetu tuliipata. Hawakubaki watu kumi, walibaki wengi, ingawa hatuwezi kusema wote. Wachimbaji wa mashimo matatu walikubaliana kwamba siku moja ya kila wiki itakuwa ya kukata miti na kuisimamisha, na mzigo wa siku ile watamwambia mnunuzi autoe mu akili yake. Kama wataweza kushika neno hilo, tutaandika. Kama hawataweza, tutaandika pia.

Asubuhi ya kuondoka tulipita ku mashimo. Kijana yule alikuwa na kaske ya kuazima kichwani, na kamba bado ku mkono. Tulimuangalia, akajua tunaangalia nini.

"Nitabeba byote bibili," alisema. "Mpaka nione gani inanitosha mu shimo."

Tulimjibu ni sawa, lakini akate miti kwanza. Alicheka, akachukua shoka.