Gari linatetemeka na kuzimika? Pima kwanza kabla ya kununua spea

UMESIMAMA kwenye taa za barabarani, mguu uko kwa breki. Ghafla gari linaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria, mshale wa mizunguko ya injini unashuka, kisha kimya. Nyuma yako matatu zinapiga honi bila huruma.

Kwa kijana anayeendesha teksi ya mtandaoni, au aliyejinyima miaka kununua Vitz au Demio yake ya kwanza, hii si aibu tu. Injini ikizimika gari likiwa mwendoni, usukani huwa mzito, na ukikanyaga breki mara mbili tatu hivi nayo inakuwa ngumu. Usizoee kuwasha tena na kuendelea na safari kana kwamba hakuna kitu.

Wengi hukimbilia barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kununua spea. Leo fundi amesema ni plagi, kesho ni koili, keshokutwa ni pampu ya mafuta. Pesa zinaisha na gari bado linamisi! Fundi wa aina hiyo hatengenezi, anabahatisha, na anayelipia ni wewe.

Injini ya petroli inataka vitu vinne: hewa, mafuta, cheche na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Tafuta ni kipi kimekosekana.

Tazama linasumbua lini

Injini nyingi zikishapata moto huzunguka kati ya mara 600 na 900 kwa dakika gari likiwa limesimama. Kama lako linatetemeka likisimama lakini ukikanyaga mafuta linatulia, anza na upande wa hewa. Mguu ukiwa umetoka kwa mafuta, throto hubaki karibu imefungwa na hewa hupita penye upenyo mdogo sana. Masizi kidogo tu yakiziba hapo, injini inakosa pumzi, hasa ukiwasha AC. Kuisafisha ni nafuu kuliko spea yoyote, ingawa magari mengine huhitaji kompyuta yake ipangwe upya baadaye.

Ukisikia sauti ya kufyonza hewa, angalia mipira midogo iliyo karibu na injini. Mmoja ukipasuka, hewa ya ziada inaingia na kuvuruga hesabu ya mafuta.

Lakini kama gari linakosa nguvu hata kupanda mlima, shuku chujio au pampu ya mafuta. Na kama linatetemeka kwa mdundo ule ule bila kubadilika, huenda kuna silinda moja isiyofanya kazi.

Soma msimbo, lakini usiuabudu

Mwambie fundi achomeke mashine ya kusoma makosa. P0301 inamaanisha silinda ya kwanza inamisi, P0302 ni ya pili, na P0300 ni kumisi kusikotulia kwenye silinda moja, bali kunakohamahama au kutokea kwenye silinda kadhaa. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Msimbo huo haukutajii spea. P0171 inaweza kuletwa na mpira uliopasuka, sensa chafu ya hewa au pampu iliyochoka.

Kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi. Ukipata P0301 na kila silinda ina koili yake, zima gari, injini ipoe, kisha koili ya kwanza na ya pili zibadilishane nafasi. Futa msimbo, washa, usome tena. Ukigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, rudisha pesa mfukoni. Kagua plagi, halafu kifaa kinachonyunyizia mafuta. Vyote vikiwa sawa, omba silinda zipimwe mgandamizo.

Taa ya injini ikianza kumetameta, usilazimishe safari. Mafuta yasiyochomwa yanaingia kwenye ekzosi na kuunguza kichujio cha moshi, na hicho bei yake itakutoa jasho.

Kwa hivyo kabla ya kutuma M-Pesa ya spea, muulize fundi swali moja tu: “Umepimaje?” Fundi anayejua kazi yake atakuonyesha. Akianza kukasirika, chukua funguo zako utafute gereji nyingine.