Bob Ebeling: Mhandisi aliyeonya Challenger isirushwe

Bob Ebeling, mhandisi mstaafu wa Marekani aliyefariki dunia Machi 2016 akiwa na umri wa miaka 89, alikuwa miongoni mwa wachache waliojaribu kuzuia safari ya mwisho ya chombo cha anga za juu Challenger. Aliajiriwa na kampuni ya Morton Thiokol, jimboni Utah, iliyotengeneza roketi mbili za kukisukuma chombo hicho kilipokuwa kikipaa.

Kila roketi iliundwa kwa vipande, na maungio yake yalizibwa kwa pete za mpira, za aina ambayo mafundi huiita oringi, ili gesi ya moto isipenye. Mpira ukipigwa na baridi hukakamaa, ukachelewa kuziba upenyo unaojitokeza roketi inapowashwa. Oktoba 1985 Ebeling aliwaandikia wakubwa wake waraka ulioanza kwa kilio cha kuomba msaada: kikosi kilichopewa kazi ya kurekebisha kasoro hiyo kilikuwa kinakwamishwa kila upande.

Januari 27, 1986, utabiri ulionyesha kuwa usiku huo Florida, ambako chombo kilikuwa kikisubiri kurushwa, kungekuwa na baridi kali. Ebeling aliwakusanya wenzake, akiwemo Roger Boisjoly. Katika kikao cha simu na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walishauri chombo kisirushwe joto likiwa chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Maofisa wa NASA walipinga, na hatimaye mameneja wa Thiokol wakageuza msimamo wa wahandisi wao na kuridhia safari.

Usiku ule Ebeling alimwambia mkewe kuwa chombo kingelipuka. Asubuhi, akiwa garini na binti yake, alirudia maneno hayo huku akipiga dashibodi kwa ngumi. Sekunde 73 baada ya kuruka, Challenger ilisambaratika, na watu wote 7 waliokuwemo wakafa, akiwemo mwalimu Christa McAuliffe.

Ebeling alistaafu muda mfupi baadaye, akiandamwa na sonona na kujilaumu kuwa hakuwa amebisha vya kutosha. Nguvu zake alizielekeza katika hifadhi ya ndege wahamao ya Bear River, karibu na kwake, iliyokuwa imeharibiwa na mafuriko ya Ziwa Great Salt. Alishiriki kwa kujitolea kuifufua, kazi iliyompatia tuzo ya Rais George H. W. Bush.

Januari 2016, miaka 30 baada ya ajali, alizungumza na redio ya NPR, ambayo mwaka 1986 alikuwa ameieleza habari hizo kwa sharti la kutotajwa jina. Wasikilizaji walimwandikia barua kwa mamia wakimsihi asijilaumu, na aliyekuwa mmoja wa wakubwa wake Thiokol akampigia simu kumwambia kuwa alitimiza wajibu wake. Familia yake ilisema alifariki akiwa ametuliwa mzigo. Mkasa wa kikao kile hufundishwa hadi leo vyuoni, katika somo la maadili ya uhandisi.