Jangwani, Geuka Ungali na Nguvu

Kuna kosa dogo ambalo kocha wa baiskeli hulitilia maanani kuliko malalamiko yote ya mwanafunzi wake. Mtu anakikaribia kilima cha kawaida, anachelewa kubadili gia, mnyororo unakwaruza, anashuka na kuanza kusukuma. Ukimuuliza vipi, anakujibu, "Niko sawa." Nusu saa nyuma alipita kwenye mawe mabaya kuliko hayo bila hata kuyafikiria. Miguu bado anayo. Kinachomtoka ni umakini, na kwenye joto la jangwa umakini hutangulia kuondoka, nguvu zikifuata nyuma.

Chukua mfano wa njia ya White Rim, ndani ya hifadhi ya taifa ya Canyonlands, jimboni Utah, Marekani. Ni barabara ya vumbi, mchanga na mwamba, na ukiizunguka yote pamoja na kipande kinachounganisha ncha zake juu ya uwanda, inafika kilomita 160 hivi. Ilichongwa miaka ya 1950, enzi ambazo urani ilitafutwa kila pembe ya nchi ile. Machimbo hayakuleta utajiri uliotarajiwa, barabara ikabaki, waendesha baiskeli wakairithi. Wengi huimaliza kwa siku tatu au nne, gari likiwafuata na mapipa ya maji. Wenye ubavu huijaribu kwa siku moja. Bomba hakuna, kisima hakuna. Mto Green unaigusa njia upande wa magharibi, lakini maji yake ni ya tope.

Ukianzia mteremko wa Shafer, safari inakupokea kwa bashasha. Asubuhi kuna ubaridi, unashuka mamia ya mita kwa kona kali, upepo unakupiga kifuani na kilomita zinayeyuka zenyewe. Malipo yanadaiwa baadaye: mpando wa Murphy Hogback karibu na katikati ya safari, halafu Hardscrabble, na mwishowe kona za Mineral Bottom zinazokurudisha juu wakati mwamba umekwisha kulishwa jua tangu alfajiri.

Kwa nini mpando wa mwisho ndio mtego? Katika kila sehemu nne au tano za nishati anayoitumia mwendeshaji, ni moja tu inayofika kwenye pedeli. Zilizobaki zinageuka joto, na joto hilo lazima litoke mwilini. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi, yaani ikipita nyuzi 35 hivi za Selsiasi, haikupozi tena, inakuongezea. Umebakiwa na jasho peke yake, na jasho hupoza linapokauka. Kwenye tambarare, mwendo wako wenyewe unakutengenezea upepo wa kulikausha. Kwenye mpando unatambaa kilomita sita kwa saa: kazi imeongezeka, upepo umekufa. Jiko limechochewa na dirisha limefungwa.

Hapa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hudanganyika kirahisi. Pwani hewa ina unyevu, jasho linatiririka, shati linaganda mgongoni, kwa hiyo unajua umetoka maji mengi. Jangwani jasho hukauka kabla hujaliona. Ngozi ni kavu, unajiona hujatoka jasho, kumbe lita nzima imekwenda kwa saa moja. Ushahidi ni ile michirizi myeupe ya chumvi kwenye mikanda ya mkoba.

Sasa piga hesabu. Mkoba wa maji wa lita tatu na chupa mbili za robo tatu ya lita ni lita nne na nusu. Ukinywa lita moja kwa saa, una maji ya saa nne na nusu, na njia kama hii humla hata mwendeshaji hodari saa kumi au zaidi. Hesabu haikubali, na ushujaa hauijazi. Ndiyo maana wenye busara huenda majira ya kuchipua au ya vuli, na huenda na gari.

Wala kujimiminia maji bila kipimo si dawa. Anayekunywa maji matupu kupita anayotoa huizimua chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana mno na za aliyeishiwa maji. Kunywa kwa kiu yako, kula vitu vyenye chumvi, na ukiweza jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya nyumbani ili uujue mwili wako unapoteza kiasi gani.

Dalili za kuzingatia hazianzi na kuzimia. Zinaanza na ukimya wa mtu mcheshi, hasira kwa jambo dogo, tairi kugonga jiwe lililokuwa wazi kabisa, vipele vya baridi juani. Ukiona hayo, mwulize swali jepesi: 160 ukitoa 47 ni ngapi? Akisitasita, safari yake ya leo imekwisha. Akianza kupayuka au kuyumba, hicho huenda ni kiharusi cha joto, na dakika zina thamani. Mtafutie kivuli, mvue, mlowanishe mwili mzima, mpepee, na omba msaada huku ukiendelea kumpoza. Aliyechanganyikiwa usimnyweshe kwa nguvu, atapaliwa.

Ubaya ni kwamba kiungo kinachotakiwa kuamua ndicho kinachopikwa. Kwa hiyo uamuzi usiachiwe jangwani. Uandike nyumbani, ukiwa umekunywa chai na kichwa kimepoa: ikifika saa tano asubuhi hatujafika mahali fulani, tunageuka, theluthi ya maji ikiisha bila theluthi ya njia kwisha, tunageuka, mmoja wetu akisema basi, hakuna mjadala. White Rim inaonyesha ubaya wa kuchelewa. Chini ya Shafer bado unaweza kutoka kwa barabara ya Potash kuelekea mji wa Moab. Ukishafika Murphy, kurudi ni mbali sawa na kwenda, na hapo neno "kugeuka" halina maana tena.

Wanaoteremka kutoka Ngong kwenda Ziwa Magadi, nchini Kenya, wanalijua somo hili kwa magoti yao. Zaidi ya mita elfu moja unashushwa bure, joto likipanda kadiri unavyoshuka, na mlima mzima unakungoja nyuma. Anayegeukia Olorgesailie, kabla ya kufika, atapanda akinung'unika kwamba leo alikuwa na miguu ya kufika ziwani. Kweli alikuwa nayo. Mara zote nilizogeuka kwa wakati nimeona kama nimewahi mno. Mara moja tu niliona wakati umefika kweli, na siku hiyo nilirudi juu ya magunia ya mkaa, nyuma ya pikapu ya msamaria. Manung'uniko hayo ya barabarani ndiyo kipimo: ukiwa na nguvu ya kujuta, umegeuka mapema ya kutosha.